Mtoto anakwenda kambi? Likague hema kabla upepo haujalikagua

Ilikuwa kama saa nne usiku, Mkumbara, wilayani Korogwe. Tulikuwa tumeshalala, kina mama wanne na kaka mlezi mmoja wa vijana, tukiwa na watoto 32 wa kanisani kwetu katika kambi ya siku tatu ya likizo ya Juni. Upepo uliokuwa umetulia tangu magharibi ukarudi ghafla. Kisha tukasikia mlio mkavu, kama mtu anavunja kuni gotini, na mtoto akapiga kelele.

Tulipofika na tochi za simu, hema moja lilikuwa limelala chini, upande mmoja ukipigapiga kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Ndani walikuwamo wavulana watatu. Wawili walitoka wakicheka. Wa tatu, mwanangu, alitoka ameushika mkono wake. Ufito wa hema ulikuwa umepasuka, akajaribu kuushikilia usiwaangukie, na vibanzi vya faiba vikamwingia kiganjani. Tulikaa hadi karibu saa saba tukivitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi, yeye akiuma taulo.

Hema lile lilikuwa jipya. Nililinunua mwenyewe wiki moja kabla, na ni mimi niliyelisimamisha jioni ile.

Asubuhi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kwenda kumwambia muuzaji. Kaka mlezi, ambaye kwa misimu kadhaa alibeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, akaniita nikaangalie kwanza.

"Mama, unaona kitambaa hiki kimechanika wapi?"

Hakikuwa kimechanika popote. Akanionyesha kigingi cha upande wa mlimani, kimelala juu ya mchanga, ndoano yake imenyooka. Halafu akanionyesha kamba nne ndefu za pembeni. Zilikuwa bado zimekunjwa na kufungwa uzi wa kiwandani. Jioni nilikuwa nimeziona, nikadhani ni za akiba.

"Kigingi kimetoka, hema likaanza kupepea, ufito ukapinda kuliko unavyoweza," akasema. "Hema halikuanza kuharibika kwenye hema. Limeanzia hapa." Akanipa kile kigingi mkononi. Kilikuwa chepesi kama waya wa kutundikia koti.

Tangu siku hiyo nimekuwa mzazi mwenye maswali mengi kila linapotajwa neno kambi. Watoto wetu siku hizi wanalala kwenye mahema kuliko sisi tulivyolala: makambi ya kanisa, skauti, ziara za shule kwenye hifadhi kama Mkomazi. Tunakagua blanketi, sabuni na dawa ya mbu. Hema tunaliacha ndani ya mfuko wake hadi siku ya safari.

Upepo wa Mkumbara

Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Korogwe kwenda Same anapaona Mkumbara akishaipita Mombo na Mazinde. Mkono wa kulia ni ukuta wa milima ya Usambara. Mkono wa kushoto ni tambarare kavu, mkonge, mibuyu na miti ya miiba. Enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, magogo yaliteremshwa kutoka misitu ya Shume kwa waya wa chuma uliotundikwa angani hadi stesheni ya reli hapa Mkumbara. Ukisimama pale ukaangalia juu unaelewa kwa nini hawakutaka kuyabeba kwa njia nyingine.

Tatizo la kupiga kambi chini ya mlima kama huu ni kwamba upepo una mabwana wawili. Kuna kusi, ule wa msimu, unaovuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, yaani likizo ya Juni inaangukia katikati yake. Halafu kuna upepo wa mlima wenyewe. Mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda. Usiku miteremko ikipoa, hewa hugeuka na kushuka kuelekea bondeni. Mimi niliweka vigingi vizuri upande wa tambarare, kwa sababu ndiko upepo wa jioni ulikotokea. Upande wa mlimani nilivichomeka kwa kidole gumba tu. Saa nne usiku upepo ukaja kutoka mlimani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotoa angalizo la upepo mkali, hasa kwa ukanda wa pwani, mara nyingi hutaja kasi inayofikia kilomita 40 kwa saa. Kwa masikioni si namba ya kutisha, bodaboda inaipita. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Chukua ubavu wa hema wenye ukubwa wa mita mbili za mraba. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unausukuma kwa nguvu isiyofika uzito wa kilo nne. Ukifika kilomita 40, inakuwa kama kilo 15. Ukifika 60, ni zaidi ya kilo 30, sawa na kumwegemeza hapo mwanafunzi wa darasa la tano.

Tena upepo hausukumi mara moja ukaacha. Unakuja na kuondoka, unavuta na kulegeza. Kigingi kinatikiswa kama mtoto anavyotikisa jino kwa ulimi, na mwisho wake ni uleule.

Anzeni na vigingi

Vigingi, wazee walikuwa wakiviita mambo ya hema. Mwanangu nilipomwambia hivyo alinijibu "poa" na kuendelea na shughuli zake.

Vigingi vinavyokuja na mahema mengi ya bei ya kawaida ni waya mwembamba uliokunjwa ndoano juu. Vina magonjwa mawili. Vikikuta jiwe, vinapinda. Vikikuta mchanga, vinazunguka, ndoano inageukia kwenye hema na kamba inachomoka bila kigingi kung'oka. Usiku hutajua mpaka upande ule uanze kupiga kelele.

Dawa yake iko kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu nawe. Mpelekee nondo ya milimita 8, akukatie vipande vya sentimita 30, anoe ncha upande mmoja na kukunja kichwa upande wa pili hadi kikaribie kufunga duara. Mikunjo ya nondo inashika udongo kuliko waya laini. Kipande kimoja kina uzito wa gramu 120 hivi, kwa hiyo vigingi 12 havifiki kilo moja na nusu. Wakigawana watoto watatu hakuna atakayelalamika sana. Mwambie fundi asiache makali kichwani, na kila kigingi ukifunge kitambaa cheupe. Watoto hukimbia usiku kwenda kujisaidia, na nondo iliyochomoza ardhini haina huruma na kidole cha mguu.

Kigingi kisisimame wima. Kilaze kidogo, kichwa kikiwa kimeelekea mbali na hema, nusu ya pembe mraba hivi, halafu kigongelee mpaka kibaki kichwa tu. Kamba ikae chini kabisa, inapoanza ardhi. Ikikaa juu, inakitumia kigingi kama mtu anavyotumia mpini kung'oa kisiki. Kaka mlezi ana kipimo chake: anaikamata kamba kwa mikono miwili na kuegemea nyuma. Kigingi kikisogea, kinarudiwa.

Kwenye mchanga mtupu, kama wa pwani au kandokando ya korongo, hata nondo haitoshi. Hapo unachimba shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko, unafunga kamba katikati ya kipande cha mti au kwenye kiroba kilichojaa mchanga, unakilaza kwa ubavu na kufukia, kisha unakanyaga. Kukitoa asubuhi ni kazi kweli. Kwenye mawe, kamba hufungwa kwenye jiwe kubwa, na jiwe jingine likawekwa juu yake. Ndivyo wapagazi wanavyofanya kwenye kambi za juu Kilimanjaro, ambako kigingi hakina udongo wa kuingia.

Kamba: katani au nailoni?

Zile kamba za pembeni nilizoziacha zimekunjwa ndizo zinazoubebea ufito mzigo. Bila hizo, nguvu yote ya upepo inaishia kwenye fito mbili nyembamba. Hema liwe na kamba zote, na zote zifungwe, hata kama jioni hakuna jani linalotikisika.

Tanga ni mkoa wa mkonge. Mmea wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na hadi leo kamba ya katani haikosi dukani. Ni kamba nzuri, inashika fundo vizuri, lakini ina tabia ambayo mzazi aijue: ikilowa inajikaza. Ukiifunga imekaza jioni, mvua ikanyesha au umande ukawa mwingi, inajivuta na inaweza kung'oa kigingi chenyewe. Ilegezwe kidogo kabla ya kulala kama kuna dalili ya mvua. Nailoni ni kinyume chake. Ikilowa inanyooka, hema linalegea, kwa hiyo hiyo unaikaza upya. Usichanganye aina mbili kwenye hema moja. Upande mmoja utakaza na mwingine utalegea, na hema litakaa mkao wa mtu mwenye jipu.

Vile vipande vya plastiki vya kukazia kamba huteleza upepo ukizidi. Piga fundo moja nyuma yake. Na kuna jambo moja nililolipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama: kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule unaotumika kufungia mizigo, uufunge kati ya kamba na kigingi. Upepo ukivuta kwa ghafla, mpira unanyooka kwanza na kigingi hakipati mshtuko. Ukiona umeanza kupasuka kwa jua, kata mwingine.

Fito ndizo zinazoumiza

Fito za mahema mengi madogo ni za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki. Nyepesi, rahisi, na zinapinda vizuri zikiwa mpya. Zikichoka hazipindi, zinapasuka kwa urefu kama muwa, na vibanzi vyake ni vyembamba kiasi kwamba macho hayavioni bali ngozi ndiyo inayovijua. Fito za alumini ni ghali zaidi. Zenyewe zikizidiwa hupinda kwanza, zinakupa onyo. Ukiukuta ufito wa alumini umepinda, usiunyooshe kwa goti kurudi ulivyokuwa. Pale ulipopindwa mara mbili ndipo utakapokatikia.

Kagua faiba hivi: shika kitambaa laini, upitishe ufito wote taratibu. Mkono mtupu hapana, nimeshaeleza kwa nini. Kitambaa kikinasa, pameanza kupasuka. Angalia zaidi kwenye maungio, pale kipande kimoja kinapoingia kwenye kibomba cha chuma cha kingine. Mistari myeupe karibu na kibomba ni dalili mbaya. Na wakati wa kusimamisha hema, kila kipande kiingie hadi mwisho wa kibomba. Kikiingia nusu, nguvu yote inakaa kwenye ukingo, na ufito mpya kabisa unaweza kupasuka hapo. Watoto wanapenda kuvirusha vipande vijiunge vyenyewe kwa lastiki ya ndani. Inafurahisha, ila kuna kimoja daima hakijaingia vizuri. Lastiki hiyo ikilegea, maungio hujitoa yenyewe. Maduka ya vifaa vya ushonaji yana lastiki ya duara, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa.

Kila hema lisafiri na kipande cha bomba la chuma cha sentimita 15 hivi, kipana kidogo kuliko ufito, pamoja na selotepu ngumu. Ufito ukipasuka, bomba linavutwa hadi juu ya jeraha, linafungwa pande zote mbili, na usiku unapita. Kwa kukosa bomba, kaka mlezi aliutibu ufito wetu kwa vigingi viwili vilivyolazwa pembeni kama banzi la mguu uliovunjika. Ulisimama usiku wa pili bila shida.

Vibanzi vikishaingia mkononi, usisugue. Osha kwa maji na sabuni, toa kwa kibano, kisha bandika selotepu na kuibandua ili itoe vile vidogo. Kilichozama au eneo likivimba, nendeni kituo cha afya.

Zipu nayo isisahaulike, kwa maana zipu ikiachia upande wa upepo, hema linajaa hewa kama mwavuli. Vumbi ndilo adui yake. Ipanguse kwa brashi ya meno, ipake nta ya mshumaa, na kama inapita bila kufunga, minya kichwa chake kidogo kwa koleo. Kidogo kweli. Ukikivunja ni kwa fundi cherehani moja kwa moja.

Kwa wanaonunua mitumba, na mahema mazuri sana yanapatikana huko, hasa soko la Memorial pale Moshi, shikilieni lisimamishwe mbele yenu. Nguo nzuri bila fito zake ni turubai. Muuzaji akisema hana nafasi, nafasi ipo siku nyingine kwa muuzaji mwingine.

Maswali ya kumuuliza mlezi

Sikiliza, hema zuri nalo lina mwisho wake. Kuna upepo ambao jibu lake ni kulishusha hema kabla halijashushwa, na watoto kwenda kulala kwenye jengo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa waandaaji siku hizi si chakula. Nauliza: upepo au mvua vikizidi usiku, watoto watalala wapi, na ufunguo wa hapo anao nani? Mkumbara tulikuwa na bahati ya kuruhusiwa darasa. Ila mwenye ufunguo alikuwa kijiji cha pili, na ilibidi mwenzetu mmoja aende na bodaboda usiku ule.

Nauliza pia mahema yatakaa wapi. Yasikae chini ya mbuyu wala mti wenye matawi makavu, kwa sababu tawi halimngoji mtu aamke. Upande mwembamba au mfupi wa hema uelekee upepo, mlango usielekee huko, na pande zote zifungwe kana kwamba upepo utakuja kutoka kila moja.

La mwisho nalisema kwa sauti kubwa mbele ya kina mama wenzangu, kwa sababu nililiona kwa macho. Upepo ulipozima moto mara ya tatu, mmoja wetu alibeba jiko la mkaa kulielekeza ndani ya hema kubwa, "tuchemshe chai tu". Mkaa unaowaka ndani ya hema hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, inayoua mtu aliyelala bila kumwamsha. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, hata likiwa limebakiza majivu mekundu tu. Usiku ule watoto walilala kwa mkate na maji, na hakuna aliyekufa kwa kukosa chai.

Tuliporudi nyumbani nililisimamisha hema uani Jumamosi iliyofuata. Jirani aliuliza kama tuna msiba. Nilimwagia maji kwa ndoo, nikavuta kamba moja moja, nikamwambia mwanangu na dada yake waingie na kufunga zipu wakiwa gizani. Iliwachukua dakika nne kuitafuta. Tulirudia mpaka wakaipata bila kupapasa. Kamba za pembeni sasa anazifunga yeye mwenyewe, kwa mkono uleule wenye alama ndogo nyeupe chini ya kidole gumba, na akimaliza anaegemea nyuma kama alivyomwona kaka mlezi.

Kambi nyingine ni Desemba. Juzi usiku nilimkuta sebuleni amevimwaga vigingi vya nondo kwenye mkeka anavihesabu. Vilikuwa 11. Dada yake ameapa kwamba hajakiona hicho cha 12, na kesho asubuhi tunapitia kwa fundi kabla ya kwenda sokoni.